Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Sérgio Conceição, winga aliyegeuka kocha

Sérgio Conceição ni nani hasa?

Ni Mreno, mzaliwa wa Coimbra, aliyezaliwa tarehe 15 Novemba 1974. Enzi zake alicheza winga ya kulia, namba saba wa asili, akazipitia Porto, Lazio, Parma, Inter, Standard Liège na PAOK. Timu ya taifa ya Ureno aliichezea mechi 56 na kuifungia mabao 12. Alipotundika daluga akaingia kwenye ukocha, na katika historia yote ya FC Porto hakuna kocha aliyeipa klabu hiyo mataji mengi kuliko yeye. Ni 11 kwa misimu saba.

Wengi wanaomuulizia huanza na usiku mmoja wa mwaka 2000. Tuanze huko, ingawa kwa maoni yangu thamani yake kubwa iko kwingine kabisa.

Ni kweli aliwafunga Wajerumani mabao matatu peke yake?

Kweli tupu. Ilikuwa tarehe 20 Juni 2000, uwanja wa De Kuip mjini Rotterdam, mechi ya mwisho ya kundi katika Euro 2000. Ujerumani ndio waliokuwa mabingwa watetezi. Ureno ilikuwa imeshafuzu: iliichapa England 3-2 ikitokea nyuma kwa mabao mawili, kisha ikailaza Romania 1-0. Kocha Humberto Coelho akaamua kuwapumzisha nyota wake na kuwapa nafasi waliokuwa wakikalia benchi. Conceição alikuwa mmoja wa hao. Ureno ikashinda 3-0, mabao yote yake, na mabingwa watetezi wakarudi kwao wakiwa mkiani mwa kundi na pointi moja.

Kinachonigusa ni mazingira ya mechi yenyewe. Kwa Ureno haikuwa na uzito wowote. Mchezaji mwingine angekimbia kwa tahadhari asiumie, angoje robo fainali. Yeye aliicheza kama mtu ambaye kibarua chake kiko rehani. Ukitaka kujua alikolitoa hilo, soma jibu linalofuata.

Maisha yake ya utotoni yalikuwaje?

Magumu. Soka alianzia Académica, klabu ya mji wao, na alipofikisha miaka 16 Porto wakamchukua. Ni wakati huohuo baba yake alipofariki kwa ajali ya pikipiki. Miaka miwili baadaye mama naye akafuata. Kijana akabaki yatima katika mji usio wake, hajacheza hata mechi moja ya wakubwa, na hana wa kumpigia simu nyumbani siku akiwekwa benchi.

Mbona alichelewa kuingia timu ya kwanza ya Porto?

Kwa sababu Porto walimtoa kwa mkopo misimu mitatu mfululizo: Penafiel, kisha Leça, kisha Felgueiras. Hizo ni klabu ndogo za kaskazini mwa Ureno. Felgueiras msimu wa 1995/96 ilikuwa imepanda Ligi Kuu chini ya Jorge Jesus, yule ambaye baadaye angeifundisha Benfica na kuwa mpinzani wake mkubwa, na mwisho wa msimu ikashuka. Kwa hiyo kabla hajaonja ubingwa, Conceição alishajua kushuka daraja kunaumaje.

Aliporejea Porto mwaka 1996 mlango ukafunguka. Akatwaa ubingwa wa ligi mwaka 1997 na 1998, na Kombe la Ureno mwaka 1998. Waitaliano wakaja na fedha.

Alifanya nini Lazio?

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, maana miaka miwili ile, 1998 hadi 2000, ndiyo kilele chake kama mchezaji wa klabu.

Alianza kwa kishindo. Tarehe 29 Agosti 1998, katika Supercoppa (Super Cup) ya Italia dhidi ya Juventus mjini Turin, Del Piero alisawazisha kwa penalti dakika za mwisho, na kila mtu akajua mechi inakwenda muda wa nyongeza. Conceição akafunga katika dakika za majeruhi na Lazio ikashinda 2-1. Msimu huohuo wakachukua Kombe la Washindi barani Ulaya kwa kuifunga Mallorca 2-1 kwenye uwanja wa Villa Park, Birmingham, Mei 1999. Lile lilikuwa kombe la mwisho kabisa la mashindano hayo. Baada ya hapo yalifutwa. Agosti 1999 wakaifunga Manchester United 1-0 mjini Monaco katika Super Cup ya Ulaya.

Kisha ikaja tarehe 14 Mei 2000. Lazio waliishinda Reggina 3-0 uwanjani Olimpico, wakakaa kusubiri. Juventus walikuwa Perugia, ambako mvua kubwa ilisimamisha mchezo kwa muda mrefu, na waliporudi uwanjani wakafungwa 1-0. Lazio wakawa mabingwa wa Italia kwa tofauti ya pointi moja. Siku chache baadaye wakaongeza na Kombe la Italia.

Kazi ya Conceição katika kikosi kile cha Sven-Göran Eriksson ilikuwa kutawala ubavu wa kulia kuanzia bendera ya kona ya wapinzani hadi ya kwao. Kumimina krosi, ndiyo, lakini pia kurudi kukaba. Serie A, ligi kuu ya Italia, ya miaka ile haikuwa na huruma na winga aliyesimama mbele akisubiri kuletewa mpira. Ikumbuke hiyo, kwa sababu tutairudia tukifika kwenye ukocha.

Kwa nini kikosi kile cha Lazio kimezaa makocha wengi?

Hebu watazame: Diego Simeone, Simone Inzaghi, Roberto Mancini, Siniša Mihajlović, Matías Almeyda, Dejan Stanković, Alessandro Nesta, na Conceição mwenyewe. Wote walikuwa katika chumba kimoja cha kubadilishia nguo.

Mimi naona sababu ni mbili. Kwanza, Eriksson alikuwa mtu mtulivu aliyewaachia wachezaji wakubwa nafasi ya kuamua mambo uwanjani, na mchezaji anayeamua huzoea kufikiri kama kocha. Pili, kile kilikuwa kikosi kilichojaa nyota kiasi kwamba kuanza mechi kulihitaji kupigania namba kila wiki. Ukipigania namba na Nedvěd, Verón na Stanković unajifunza kumsoma kocha: anataka nini, anamuweka nani nje na kwa nini. Maarifa ya namna hiyo hayafundishwi kwenye kozi ya leseni.

Baada ya Lazio alikwenda wapi?

Parma, majira ya joto ya 2000. Yeye na Almeyda waliwekwa kama sehemu ya malipo katika uhamisho wa Hernán Crespo kwenda Lazio, uhamisho uliovunja rekodi ya dunia wakati ule. Mwaka mmoja baadaye akahamia Inter, na kocha aliyemkuta huko ni Héctor Cúper, yuleyule aliyekuwa benchi la Mallorca siku Lazio walipomnyang'anya kombe kule Birmingham.

Inter ndiko alikoshuhudia siku chungu kuliko zote. Tarehe 5 Mei 2002, siku ya mwisho ya ligi, Inter walihitaji ushindi tu wawe mabingwa. Mechi ilikuwa uwanjani Olimpico, dhidi ya Lazio. Conceição alianza upande wa kulia, kwenye nyasi zilezile alizozifahamu. Inter wakaongoza mara mbili, wakasawazishiwa mara mbili, na mwisho wakalala 4-2. Mabao mawili ya mwisho ya Lazio yalifungwa na Simeone na Simone Inzaghi, wenzake wa zamani. Inter wakamaliza nafasi ya tatu. Jina la Inzaghi liweke akilini. Wawili hawa watakutana tena.

Je, aliwahi kuchezea timu ya Mourinho?

Ndiyo. Januari 2004 alirudi Porto akitokea Lazio, alikorejea mwaka 2003, na mwisho wa msimu akapata medali ya ubingwa wa ligi chini ya José Mourinho.

Kiatu cha Dhahabu alichopata Ubelgiji ni cha ufungaji bora?

Hapana, na hili huwachanganya wengi. Ubelgiji hutoa Kiatu cha Dhahabu kwa mchezaji bora wa ligi yao katika mwaka wa kalenda, awe mfungaji, kiungo au kipa. Conceição alikipata cha mwaka 2005 akiwa Standard Liège, ana umri wa miaka 31. Wachezaji wengi wakishatoka Italia na kushuka ligi ndogo huenda kumalizia mshahara. Yeye alikwenda na kuwa bora kuliko wote. Ni Liège hiyohiyo ambako Marouane Fellaini na Axel Witsel walikuwa wanachipukia, wakimtazama kila siku mazoezini.

Ni kweli aliwahi kufungiwa kwa utovu wa nidhamu?

Ni kweli, mwaka 2006 huko Ubelgiji, baada ya kumtemea mate mpinzani na kumtupia mwamuzi jezi. Alikaa nje miezi kadhaa. Lilikuwa kosa zito na adhabu ilistahili. Mimi namheshimu mtu huyu, lakini kumheshimu hakunifanyi nilifiche hilo.

Alitundika daluga lini?

Akiwa PAOK ya Ugiriki, msimu wa 2009/10. Kabla ya hapo alipita kwa muda mfupi Qadsia ya Kuwait.

Alianzaje ukocha?

Kwa ngazi ya chini, kama alivyoanza kucheza. Alikuwa kocha msaidizi Standard Liège, kisha Januari 2012 akapewa Olhanense, klabu ndogo ya kusini mwa Ureno. Mwaka 2013 akachukua Académica, klabu iliyomlea, ikiwa katika hatari ya kushuka zikiwa zimebaki mechi chache, na akaibakiza Ligi Kuu.

Halafu Braga, 2014/15. Hapa pana fainali ambayo kila kocha kijana angepaswa kuitazama mara mbili. Tarehe 31 Mei 2015, Kombe la Ureno, Braga dhidi ya Sporting. Sporting walipata kadi nyekundu mapema kabisa, na kabla ya nusu saa Braga walikuwa mbele 2-0. Mechi imekwisha, ungedhani. Dakika ya 84 Sporting wakapata moja, dakika za majeruhi wakapata la pili, na kwenye matuta wakatwaa kombe. Conceição akapoteza kombe, na muda mfupi baadaye akapoteza kazi.

Akaenda Vitória Guimarães. Kisha Desemba 2016 Nantes ya Ufaransa wakamuita wakiwa nafasi ya 19. Walimaliza ligi nafasi ya saba. Ile ndiyo kazi iliyowafanya Porto wanyanyue simu.

Ilikuwaje akaibeba Porto bila fedha za usajili?

Alipofika Juni 2017, Porto ilikuwa haijachukua ubingwa tangu 2013, na Benfica walikuwa wameshinda ligi mara nne mfululizo, wakiunusa ubingwa wa tano. Juu ya hayo, klabu ilikuwa chini ya vikwazo vya UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, kwa kukiuka kanuni za matumizi ya fedha. Kusajili ilikuwa ndoto. Kipa mmoja tu ndiye aliyenunuliwa.

Akafungua ghala. Vincent Aboubakar wa Cameroon alikuwa amepelekwa Uturuki kwa mkopo. Moussa Marega wa Mali alikuwa amepelekwa Guimarães, na mashabiki wengi wa Porto walishaamua kwamba hana kiwango. Ricardo Pereira alikuwa Nice. Wote watatu wakarudi. Conceição hakuwatazama kama makombo. Yeye mwenyewe alikuwa mchezaji wa mkopo kwa misimu mitatu, aliijua hamu ya mtu anayerudi kwenye klabu iliyomwona hafai. Marega akafunga mabao 22 ya ligi msimu ule.

Aprili 2018 wakaenda kwa Benfica jijini Lisbon, na Héctor Herrera akapiga shuti la dakika ya 90 lililoamua mechi, 1-0. Porto wakawa mabingwa kwa pointi 88.

Ukiniuliza nimtajie mtu kazi moja tu ya Conceição, sitaji mabao ya Rotterdam. Nitautaja msimu huu.

Timu zake huchezaje?

Kwa kukaba kuanzia juu, kwa mbio, na kwa kwenda mbele haraka mpira ukishaporwa. Porto yake ya kwanza ilipangwa 4-4-2, mfumo ambao makocha wengi wakubwa walikuwa wameshauweka kabatini, na washambuliaji wawili wenye nguvu walitumika kama mabeki wa kwanza.

Jambo linalonivutia zaidi ni namna anavyowatumia mawinga. Ungetarajia aliyekuwa namba saba awaachie mawinga wake wajifurahishe kwa chenga. Yeye huwapa kazi mbili, kama alivyopewa Italia. Mfano mzuri ni Jesús Corona wa Mexico, winga mwenye miguu laini kweli. Msimu wa 2019/20 Conceição alimrudisha nyuma mara nyingi acheze beki wa kulia. Namba saba akawa namba mbili. Watu walilalamika kwamba kipaji kinapotezwa, lakini ligi ilipoisha Corona ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa msimu. Akianzia nyuma alikutana na mpira ameelekea goli la wapinzani, ana nafasi ya kukimbilia, na winga wa upande wa pili ndiye aliyelazimika kumfuata. Baadaye alimfanyia vivyo hivyo Pepê, Mbrazili aliyesajiliwa kama winga.

Hayo huwezi kuyaona ukiwa umecheza katikati maisha yako yote. Winga ndiye anayejua kuwa umbali mrefu kuliko wote uwanjani ni ule wa kurudi nyumbani baada ya krosi yako kuokolewa, na kwamba beki wa pembeni akiwa na mapafu ya winga mpinzani hapumziki.

Wachezaji wa Afrika walikuwa na nafasi gani kwake?

Kubwa sana. Mbali na Aboubakar na Marega, alikuwa na Yacine Brahimi wa Algeria. Chancel Mbemba wa DR Congo ndiye shujaa wa fainali ya Kombe la Ureno ya tarehe 1 Agosti 2020. Porto walikuwa kumi baada ya Luis Díaz kutolewa kabla ya mapumziko, na Conceição mwenyewe alitolewa kwenye benchi. Mbemba, beki wa kati, akaifunga Benfica mabao mawili kipindi cha pili na Porto wakashinda 2-1. Mechi ilichezwa Coimbra, mji aliozaliwa kocha wake.

Naye Zaidu Sanusi wa Nigeria, beki wa kushoto, alifunga bao pekee dakika za majeruhi kwenye uwanja wa Benfica Mei 2022, bao lililowakabidhi Porto ubingwa.

Tukio moja halipaswi kusahaulika. Februari 2020 mjini Guimarães, Marega alitukanwa kwa rangi yake kutoka majukwaani. Alifunga bao, matusi yakazidi, na akaamua kutoka nje ya uwanja. Baada ya mechi Conceição alisimama upande wa mchezaji wake waziwazi. Hiyo ilikuwa klabu ambayo wote wawili waliwahi kuitumikia.

Aliwahi kutaka kuondoka Porto mapema?

Januari 2020. Msimu uliotangulia alikuwa ameongoza ligi kwa pointi saba akazipoteza, na akafungwa na Sporting kwa matuta katika fainali zote mbili za vikombe. Agosti 2019 wakatolewa na Krasnodar kabla hata ya kufika makundi ya Ligi ya Mabingwa. Kisha Braga wakawafunga dakika za majeruhi katika fainali ya Kombe la Ligi. Conceição akaiweka nafasi yake mikononi mwa rais wa klabu, Jorge Nuno Pinto da Costa. Wakati huo Benfica walikuwa mbele kwa pointi saba.

Rais akamkatalia. Kufikia Julai Porto walikuwa mabingwa, na Agosti ikaja ile fainali ya Mbemba.

Mataji yake yote 11 Porto ni yapi?

Ligi mara tatu: 2018, 2020 na 2022. Huo wa 2022 waliutwaa kwa pointi 91, ambazo Ligi Kuu ya Ureno haikuwahi kuziona, na hii ni baada ya Luis Díaz kuuzwa Liverpool katikati ya msimu. Kombe la Ureno mara nne: 2020, 2022, 2023 na 2024. Supertaça, yaani Super Cup ya Ureno, mara tatu: 2018, 2020 na 2022. Na Kombe la Ligi la 2023, ambalo Porto ilikuwa haijawahi kulishika.

Alifika wapi katika Ligi ya Mabingwa?

Robo fainali mara mbili. Liverpool walimuumiza sana; walimpiga 5-0 nyumbani kwake mwaka 2018 na kumtoa tena mwaka 2019.

Usiku wake mkubwa ni tarehe 9 Machi 2021, Turin. Porto walikuwa wameshinda 2-1 mechi ya kwanza dhidi ya Juventus ya Cristiano Ronaldo. Mehdi Taremi akatolewa kwa kadi nyekundu mwanzoni mwa kipindi cha pili, na kumi waliobaki wakapambana hadi muda wa nyongeza ukaisha. Sérgio Oliveira alifunga kwa penalti, kisha dakika ya 115 akapiga faulo iliyopita chini ya ukuta ulioruka. Juventus wakashinda 3-2, jumla ikawa 4-4, na Porto wakafuzu kwa kuwa na mabao mengi zaidi ya ugenini, kanuni ya wakati ule. Waliowatoa robo fainali ni Chelsea, waliokwenda kuwa mabingwa.

Kwa nini anasemwa kuwa ni mkali?

Kwa sababu ni mkali. Kadi nyekundu za kwenye benchi anazo nyingi. Oktoba 2017 alimuweka benchi Iker Casillas, kipa aliyetwaa Kombe la Dunia, akampanga kijana José Sá. Akiwa kocha wa Milan ya Italia alirushiana maneno na nahodha Davide Calabria katikati ya uwanja, mara tu baada ya ushindi wa 3-2 dhidi ya Parma, ikabidi watenganishwe.

Sidhani hilo la Milan lilimsaidia. Ukali wa mtu anayekujua miaka saba huupokea kama wa mzazi. Wa mtu aliyekuja mwezi uliopita ni ukali tu.

Aliondokaje Porto?

Aprili 2024 André Villas-Boas alimshinda Pinto da Costa katika uchaguzi, baada ya mzee huyo kuongoza tangu 1982. Mei Conceição akatwaa Kombe la Ureno dhidi ya Sporting, Juni akaondoka. Kiti chake kikaenda kwa msaidizi wake wa miaka mingi, Vítor Bruno, na jambo hilo lilimuuma.

Milan alifaulu au alishindwa?

Vyote viwili, ndani ya miezi mitano.

Aliteuliwa tarehe 30 Desemba 2024 kuchukua nafasi ya Mreno mwenzake Paulo Fonseca. Siku nne baadaye alikuwa Riyadh kwenye Supercoppa ya Italia. Nusu fainali walitanguliwa na Juventus wakashinda 2-1. Fainali, tarehe 6 Januari 2025, walikutana na Inter, na kwenye benchi la Inter alikuwa Simone Inzaghi. Inter wakaongoza 2-0, bao la pili likifungwa na Taremi, aliyekuwa mshambuliaji wake Porto. Theo Hernández akapunguza, Christian Pulisic akasawazisha, na Tammy Abraham akamaliza dakika za majeruhi, 3-2. Kombe ndani ya wiki moja. Picha zake akicheza chumbani na sigara kubwa mdomoni zilizunguka dunia nzima.

Baada ya hapo mambo yakaharibika. Feyenoord waliwatoa Ligi ya Mabingwa, na katika Serie A wakamaliza nafasi ya nane. Fainali ya Kombe la Italia wakafungwa 1-0 na Bologna, klabu ambayo Calabria alikuwa tayari amehamia. Ilichezwa uwanjani Olimpico, Roma, tarehe 14 Mei 2025. Miaka 25 kamili tangu ile 14 Mei ya Lazio.

Baadaye alikwenda wapi?

Oktoba 2025 alijiunga na Al-Ittihad ya Jeddah, Saudi Arabia, kumrithi Laurent Blanc.

Conceição wa Juventus ni yeye au ni nani?

Ni Francisco, mwanawe. Naye ni winga wa kulia. Baba ndiye aliyempa mechi yake ya kwanza Porto mwaka 2021. Kaka yake Rodrigo pia amewahi kuchezea timu ya baba. Katika ile nusu fainali ya Riyadh Francisco alipangwa kuanza upande wa Juventus, lakini aliumia wakati wa kupasha misuli moto, na baba na mwana hawakukutana uwanjani.

Tarehe 4 Juni 2025 Ureno ilicheza na Ujerumani mjini Munich, nusu fainali ya Ligi ya Mataifa. Tangu Rotterdam, Ureno ilikuwa haijawashinda Wajerumani hata mara moja. Wenyeji walikuwa wakiongoza 1-0 Francisco alipoingia kipindi cha pili. Dakika ya 63 alikata kutoka kulia, akaachia shuti la mguu wa kushoto kutoka nje ya boksi, likatua wavuni. Dakika tano baadaye Ronaldo akaongeza la pili. Mechi ikaisha 2-1.